Onyancha Mlangoni kwa Mzee Geng

Wakenya wa Carrollton, Texas, wanamjua Onyancha kwa mambo mawili. La kwanza, ukimwomba akupeleke uwanja wa ndege atafika nusu saa kabla ya wakati, kisha atakupigia simu kila baada ya dakika tano mpaka utoke na soksi mkononi. La pili, ndiye yule Mkisii anayecheza ngumi za Kichina polepole nyuma ya supamaketi ya Wakorea. Hilo la pili limemletea maneno. Wapo waliosema kazi ya unesi imemchosha akili, wapo waliosema ni mambo ya majini, na Humphrey, mzee wa kanisa lake la Sabato, aliwahi kumuuliza mbele ya watu kama anajua ile mikono inaelea kwa nguvu za nani. Onyancha akajibu kwamba inaelea kwa nguvu za magoti, na kama mzee anabisha, na asimame vile kwa dakika kumi. Humphrey alikohoa na kugeuzia maneno kwenye harambee ya vijana.

Ana miaka hamsini na minane. Kwao ni Nyamache, kule kwa Wakisii. Baba yake alifariki yeye akiwa darasa la tatu, na aliyemlea ni kaka yake mkubwa, Mogaka, mwalimu wa shule ya msingi ambaye hakuwa na mchezo na mtoto aliyeacha kazi nusu. Basi Onyancha akakua hivyohivyo, hajui kuacha kitu nusu. Alifika Texas akiwa kijana, akaogesha wazee wa watu, akasoma unesi huku akiogesha wazee, akafaulu, na sasa anafanya kazi kwenye kituo cha Carrollton kinachowafundisha upya kutembea watu waliofanyiwa upasuaji wa nyonga. Mkewe, Truphosa, ni Mluhya na nesi pia. Mungu aliwapa mtoto mmoja, Precious, na huyo mmoja aliwatosha.

Miaka kumi na miwili iliyopita mgongo wa Onyancha ulikuwa umekwisha. Kuinua watu wazima kutoka kitandani si kazi ya kuifanyia utani, na siku moja wakati wa mapumziko alitoka nje akajishikilia kwenye nguzo ya taa. Kwenye maegesho ya magari alikuwapo mzee wa Kichina aliyekuja kumwona mkewe mgonjwa, naye alikuwa anafanya ile mikono yake taratibu, bila haraka, kana kwamba kituo chote ni chake. Alipomaliza alimtazama Onyancha jinsi alivyosimama, akatikisa kichwa, akamkaribia, akamwekea vidole viwili kifuani. Onyancha, mtu wa kilo themanini na tano, alijikuta amekaa kwenye bustani ya maua. Mtu mwingine angeita mlinzi. Yeye aliuliza masomo ni siku gani.

Huyo ndiye Mzee Geng. Mwaka wa kwanza hakumfundisha kitu ila kusimama: magoti yamekunjwa kidogo, mikono mbele, pumzi chini, nusu saa, kisha nenda nyumbani. Walioanza pamoja na Onyancha walikuwa tisa. Kufikia Krismasi walibaki wawili, na wa pili alikuwa anasubiri tu mwaliko wa chakula cha mwaka mpya. Onyancha alisimama. Alisimama kwenye baridi ya Januari na kwenye lile joto la Agosti linaloyeyusha viatu, na mgongo wake ukapona bila yeye kugundua ni siku gani.

Kisha mke wa Mzee Geng akafariki, na binti yao akamchukua mzee akaishi kwake Houston, mtaa wa Alief. Wanafunzi wa Carrollton walimfanyia karamu nzuri ya kumuaga, wakalia, na wakaacha mazoezi. Onyancha alibadilisha matairi ya gari. Tangu siku hiyo, Jumapili mbili kila mwezi, anatoka kabla ya jua, mwendo wa saa nne kwenda na saa nne kurudi, Corsicana, Huntsville, foleni ya Houston, mpaka kwenye ua wa nyuma wa nyumba ya Alief. Jumamosi hasafiri kwa sababu ya Sabato. Truphosa alizoea kuwaambia wageni kwamba mume wake ameigawa wiki vizuri: Jumamosi ya Mungu, Jumapili ya Mchina, na siku tano za wagonjwa, na kama kuna siku ya nane basi labda ni yake.

Precious alipopata nafasi ya chuo kikuu Houston, baba yake alimpeleka kwa Mzee Geng ili awe na mtu wa kumwangalia. Msichana alienda kwa adabu, kama anavyokwenda kwa shangazi asiyempenda sana, halafu akanogewa. Ndani ya miaka miwili alikuwa amempita baba yake. Onyancha alilipokea hilo jinsi wazazi wanavyolipokea, kwa kujisifu mbele za watu na kununa kidogo akiwa peke yake kwenye gari.

Sasa, ili ueleweke uchungu wake, lazima ujue jinsi nyumba ya Mzee Geng inavyoendeshwa. Uani anaruhusiwa yeyote. Unakuja, unafundishwa, unaondoka, na mzee hakudai kitu. Lakini kuwa mtu wa ndani ya nyumba ni kwa wale waliopokelewa. Kupokelewa ni shughuli kamili: unaandika barua ya kuomba kwenye karatasi nyekundu, mwanafunzi wa zamani anakudhamini, unapiga magoti mbele ya mwalimu, unagusa sakafu kwa paji la uso mara tatu, unampa chai kwa mikono miwili. Akiinywa, umekuwa mtoto wake. Jina lako linaandikwa kwenye kitabu cha ukoo, chini ya jina lake, ambalo liko chini ya mwalimu wake, na wa mwalimu wake, kurudi nyuma vizazi vitano. Unamwita Shifu, yaani mwalimu aliye baba, na wenzako wanakuwa ndugu. Aliyeingia kabla yako ni kaka yako mkubwa, hata kama ni kijana asiye na ndevu, na unamwita Shixiong. Mzee Geng mwenyewe alikuwa na ndugu saba wa namna hiyo huko China, na hadithi zake zote zilikuwa juu yao: huyu alikuwa mwizi wa matikiti, yule aliogopa kuku. Kila hadithi aliimalizia kwa kusema kwamba naye amekwenda.

Onyancha aliitaka nafasi hiyo kwa moyo wake wote. Ana vyeti ukuta mzima, na leseni ya unesi anaifanya upya kila baada ya miaka miwili, kama vile Marekani inataka kuhakikisha hajasahau. Kwa Mzee Geng hakuna cheti wala mtihani. Kuna jina lako chini ya jina la mtu, basi, na halifutiki. Kwa mtu aliyempoteza baba akiwa darasa la tatu, hilo si jambo dogo, ingawa yeye mwenyewe hakuwahi kulisema hivyo kwa mtu.

Miaka minne iliyopita mzee alitangaza kwamba atapokea watu watano. Wa tano alikuwa Onyancha. Wiki moja kabla, alimwona binti yake uani akifanya ile hatua ya kugeuka ambayo yeye ilimshinda mwaka mzima, akaifanya kwa wepisi, na moyo wa mzazi ukamtuma. Akaenda kwa Mzee Geng akamwambia nafasi ile ampe mtoto, yeye ataridhika. Mzee akamuuliza kama ana uhakika. Akamuuliza tena. Onyancha akasema ndiyo, mara zote mbili, na siku ya shughuli alikaa nyuma akipiga picha kwa simu, kisha akarudi Carrollton akiimba nyimbo za Kristo kwa sauti mpaka Corsicana.

Mwaka huu, baada ya mwaka mpya wa Kichina, Mzee Geng alitoka hospitali na moyo uliochoka na miaka themanini na minne. Aliwakusanya watu wake akasema atapokea mtu mmoja wa mwisho, kisha atafunga mlango. Baada ya huyo, hata aje nani, basi. Onyancha hakungoja wala kuzunguka. Alinunua karatasi nyekundu siku hiyohiyo, akaandika barua kwa mwandiko wake wa Nyamache uliolala upande, Precious, aliyekwisha kujifunza Kichina kwa mzee, akaitafsiri, na Jumapili iliyofuata akaipeleka kwa Bi Luo ili amdhamini. Bi Luo ni mfamasia mstaafu, ndiye mwanafunzi mkubwa kuliko wote na ndiye anayetunza kitabu. Aliisoma barua yote. Akaikunja palepale ilipokuwa imekunjwa, akamrudishia kwa mikono miwili.

"Haiwezekani," alisema. "Wewe ni baba wa Precious."

Alimweleza bila ukali. Precious ni mtoto wa Shifu. Onyancha akipokelewa na Shifu huyohuyo, atakuwa mtoto wa Shifu pia, ndugu wa binti yake, tena ndugu mdogo, maana binti alitangulia. Baba hawezi kuwa mdogo wa mwanawe. Vizazi vikichanganyika namna hiyo, ukoo mzima unachekwa. Si Mzee Geng aliyeitunga sheria hiyo, wala hawezi kuifuta.

Onyancha alisikia masikio yanawaka. Kilichomuuma zaidi ni kwamba alielewa mara moja. Wakisii wana kitu wanakiita ensoni, ile aibu ya heshima iliyoko kati ya mzazi na mtoto: kuna mahali baba hakai, kuna maneno hayasemwi mtoto akiwapo, kuna mstari usiovukwa hata kwa mzaha. Yeye aliyelelewa ndani ya hayo, ambaye mpaka leo haingii chumba cha binti yake bila kugonga na kungoja jibu, ndiye aliyemsukuma mtoto aingie kwenye nyumba ambayo yeye mwenyewe alikuwa anataka kuingia. Alitoka akaenda kukaa kwenye gari. Alikaa kama dakika ishirini, mikono kwenye usukani, gari limezimwa, na aliona haya kuliko alivyowahi kuona haya tangu aje Marekani.

Halafu alirudi ndani, kwa sababu hajui kuacha kitu nusu. Alimkuta Mzee Geng kwenye kiti chake karibu na dirisha, akamwambia hakujua. Alisema tu hivyo, hakujua.

Mzee alishtuka. "Nilidhani unajua," alisema. "Nilikuuliza mara mbili. Kwa miaka minne nimewaeleza watu habari za baba aliyempa mwanawe mlango wake akabaki nje."

Yule mzee alikuwa ameheshimu kitu ambacho Onyancha hakukifanya, na Onyancha alikuwa amejifungia nje huku akiimba. Hapakuwa na wa kulaumiwa, na hilo halikumsaidia mtu.

Precious alipopata habari alimfuata baba yake mpaka kwenye gari. Tayari ameajiriwa sasa, anafanya kazi ya kunyoosha viungo vya wagonjwa, na analia upesi kama mama yake.

"Daddy, mimi nitarudisha," alisema. "I mean it. Nita-return ile barua, wafute jina yangu, uingie wewe. Umengoja tangu nikiwa high school."

"Precious, sikia. Kile nilikupa, nilikupa," Onyancha alimjibu. "Mimi siingii nyumba ya mtu kwa kutoa mtoto wangu nje. Na bado nitaingia. Wewe enda ufanye mazoezi."

Atakavyoingia, hakujua. Lakini aliporudi Carrollton hakukosa asubuhi hata moja nyuma ya supamaketi, na Jumapili yake iliyofuata ilipofika alikuwa tena njiani kwenda Houston, kana kwamba barua haikurudishwa.

Ni Mzee Geng aliyeipata njia. Alimpigia simu katikati ya wiki, naye mzee huyo anaichukia simu. Alisema upo utaratibu wa zamani, hautumiki mara nyingi: mtu anaweza kupokea mwanafunzi kwa niaba ya mwalimu wake aliyefariki. Onyancha atapiga magoti si mbele ya Geng bali mbele ya picha ya Mwalimu Tao, aliyemfundisha Geng. Atakuwa mtoto wa Tao, ndugu mdogo wa Geng, na vizazi vitakaa sawa. Kwa Precious atakuwa ndugu mdogo wa Shifu wake, kwa maneno mengine, baba mdogo. Truphosa aliposikia alicheka mpaka akatafuta pa kukaa.

"Kwa hivyo mimi ni mama mdogo wa mtoto nilizaa mwenyewe?" aliuliza.

Onyancha naye alicheka, halafu akaacha. Picha. Kumpigia magoti Mzee Geng alikuwa ameshakubaliana na dhamiri yake zamani. Mzee yuko hai, anapumua, ni heshima. Lakini Mwalimu Tao amekufa, na Onyancha ni Msabato kwelikweli, si wa Jumamosi tu. Kwa imani yake wafu hawajui neno lolote, wamelala, na magoti hayapigwi mbele ya picha yenye vijiti vya udi vinavyofuka. Alijua Wakristo wa Kichina wanaoinama mbele ya picha za wazazi wao na kusema ni heshima tu. Hakuwahukumu. Lakini magoti ni yake, na alijua hayatakunjika.

Alikwenda kwa Humphrey, akitarajia mahubiri. Humphrey alimshangaza. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema hawezi kumwamulia mtu mzima.

"Lakini ukiipigia picha magoti Jumapili," aliuliza, "Sabato inayofuata utakuja kukaa benchi gani?"

Swali hilo Onyancha alikaa nalo mwezi mzima. Mzee Geng hakumharakisha, ila kila akienda Houston alimkuta amepungua kidogo, shingo nyembamba ndani ya kola. Bi Luo alisema kama jibu halijaja kufikia Mei, mlango utafungwa hivyohivyo bila mtu wa mwisho. Wengine wangechagua, kanisa au Mchina, na marafiki walimshauri achague. Onyancha alikataa kuchagua. Alikuwa na hakika kwamba kuna njia, na kwamba ni uvivu wa kufikiri tu unaomchelewesha, jambo ambalo Mogaka alimwambia sana utotoni.

Truphosa ndiye aliyechoka kumwona ananuna. Jioni moja alisimama mbele ya picha ya harusi yao ukutani, akamwita.

"Siku hii ulimpigia nani magoti?" aliuliza.

Onyancha akasogea. Pale pichani Mogaka amekaa kwenye kiti cha mbao cha baba yao, kile ambacho hakikukaliwa na mtu tangu mazishi, kilichotolewa nje siku hiyo moja. Bwana harusi amepiga magoti mbele yake ili aombewe, na mkono wa Mogaka uko juu ya kichwa chake. Mogaka hakuwa amekaa pale kama Mogaka. Alikaa kama baba. Mchungaji alikuwapo, wazee wa kanisa walikuwapo, na hakuna aliyesema kwamba Onyancha amemwabudu mfu. Alitazama picha hiyo mpaka chai ikapoa.

Jumapili hiyo mvua ilinyesha kutoka Huntsville mpaka Alief. Alifika viatu vimelowa, akawakuta Mzee Geng na Bi Luo, akasema alilokuja kusema akiwa amesimama.

"Mwalimu wako siwezi kumpigia magoti kwenye picha," alisema. "Mungu wangu hanipi ruhusa. Lakini baba yangu alikufa nikiwa mdogo, na siku naoa, kaka yangu alikaa kwenye kiti cha baba, nikampigia magoti yeye. Wewe ni mtoto wa Tao. Kaa kwenye kiti cha Tao. Nitapiga magoti mara tatu, na mara kumi ukitaka."

Bi Luo alisema jambo hilo halijawahi kufanyika. Alisema kwa Kiingereza, kisha kwa Kichina, ili lisikike vizuri. Onyancha akaanza kuyasikia maji ya mvua kwenye soksi zake.

Kisha mzee akasema kwamba yeye mwenyewe hakupiga magoti mbele ya picha yoyote. Siku alipopokelewa, mambo hayo yalikuwa yamepigwa marufuku na serikali huko China. Vitabu vya ukoo vilichomwa, na mtu aliweza kuburutwa barabarani kwa sababu ya kijiti kimoja cha udi. Walikutana kwenye kibanda cha makaa, yeye na mwalimu na ndugu zake saba. Picha haikuwapo. Chai haikuwapo, kwa hiyo alimpa mwalimu maji ya moto. Alipiga magoti juu ya makaa na akainuka paji la uso likiwa jeusi, akalifuta kwa mkono kabla ya kutoka nje.

"Alinipokea," alisema Mzee Geng. "Nitakaa."

Shughuli ilifanyika Jumapili ya pili ya Mei, sebuleni Alief. Picha ya Mwalimu Tao ilibaki ukutani na udi wake, maana wengine wanauhitaji, lakini kiti kiliwekwa upande mwingine kabisa, karibu na dirisha, ili anayepiga magoti aipe picha mgongo. Truphosa alikuja na kitenge chake cha sherehe. Humphrey naye alikuja, bila kualikwa, amesafiri mwendo wa saa nne ili aone kwa macho yake. Alikaa karibu na mlango na Biblia kwenye mapaja, na alipopewa keki ya wali aliila.

Mzee Geng alikaa kwenye kiti. Hakukaa jinsi anavyokaa siku zote. Alinyoosha mgongo, akaweka mikono juu ya magoti kwa namna ambayo wanafunzi wake hawakuwahi kuiona, na Bi Luo akashika mdomo, kwa sababu ndivyo Mwalimu Tao alivyokaa pichani. Onyancha akapiga magoti. Akainama, paji la uso likagusa sakafu. Mara ya pili. Mara ya tatu alichelewa kuinuka, na Truphosa alidhani ni mgongo, lakini haukuwa mgongo. Alikuwa analia na hakutaka mtu aone kabla hajamaliza.

Bi Luo alileta kikombe. Kilikuwa na maji ya moto, bila chai. Mzee alikuwa ameagiza hivyo. Onyancha alikitoa kwa mikono miwili, mzee akanywa mpaka tone la mwisho, akasema maneno machache kwa Kichina. Precious aliyatafsiri: Mwalimu Tao amekupokea, na mlango umefungwa. Bi Luo akaandika kitabuni kwa kalamu ya wino, jina la Onyancha pembeni mwa jina la Geng, mstari mmoja, si chini yake.

Ndipo mzee alipoinuka. Ilihitaji uvumilivu kumtazama, lakini alikataa kushikwa mkono. Alikiacha kiti cha Tao wazi, akavuta hatua mpaka kwenye kiti kidogo cha plastiki upande wa kushoto, akaketi hapo kama Geng. Sasa zamu ilikuwa ya ndugu mdogo kumsalimu mkubwa wake. Hapa hapapigwi magoti. Onyancha alimimina chai, chai kamili safari hii, akaja nayo akiwa amesimama, akainamisha kichwa.

"Shixiong," alisema.

Mzee Geng hakukipokea kikombe. Alimtazama Onyancha usoni. Wa mwisho wa wale ndugu saba alikuwa amefariki miaka kumi na mitatu iliyopita. Tangu hapo alikuwa ameitwa mwalimu, ameitwa baba, ameitwa babu na watoto wa jirani, na hapakuwa tena na mtu hai chini ya jua mwenye haki ya kumwita kaka.

"Sema tena," aliomba.

Onyancha akasema tena. Mzee akanyoosha mikono yote miwili, akakishika kikombe pamoja na mikono iliyokileta, chai ikamwagikia mkono wa shati lake na hakuna aliyejali. Mara ya tatu Onyancha hakungoja kuombwa.